Œuf, œufs: mwongozo kamili wa kulitamka, kuliandika na kuwatambua jamaa wa neno la Kifaransa la yai

Makosa ni yale yale kila mara. Mtu kajifunza Kifaransa miezi kadhaa, anasalimia vizuri, anahesabu hadi mia, kisha anaingia dukani kununua mayai mawili na muuzaji anabaki kumtazama. Mwingine anaandika ujumbe, herufi œ haioni kwenye kibodi, anaishia kuandika "euf" au "ouef". Wa tatu anakutana na neno *ovin* kwenye mtihani, anajibu kuhusu mayai, kumbe swali lilikuwa la kondoo.

Wasomaji wa Goma, Bukavu na Bujumbura wanalisikia neno hili sokoni, kwa hiyo mara nyingi wanalitamka vizuri na kulikosea kwenye maandishi. Wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar hukutana nalo kwanza kitabuni, basi kwao mambo huwa kinyume. Fuata hatua kwa mpangilio. Kama tayari unatamka vizuri, jipime kwa hatua ya 3 kabla ya kujiruhusu kuruka zile mbili za mwanzo.

## Andaa hivi kwanza

- Kioo kidogo. Nusu ya kazi hii ni ya midomo, na midomo yako huioni bila kioo.
- Simu iliyowekewa kibodi ya Kifaransa, yenye kinasa sauti na uwezo wa kuandika unachokisema.
- Kamusi ya Kifaransa inayoonyesha matamshi ndani ya mabano ya mraba. Ya kwenye simu inatosha.
- Daftari la kuandikia ukoo wa neno (hatua ya 7).

## Hatua ya 1: Tengeneza irabu ambayo Kiswahili hakina

Kiswahili kina irabu tano, na katika hizo ulimi na midomo hufuatana. Ulimi ukiwa mbele, kama kwenye *e* na *i*, midomo hutanuka. Ulimi ukirudi nyuma, kama kwenye *o* na *u*, midomo huviringika. Irabu ya *œuf* inavunja utaratibu huo: ulimi unabaki mbele, midomo inaviringika. Ndiyo sababu Mswahili hukimbilia "of" au "ef". Kinywa kinatafuta sauti ya karibu inayoijua.

Simama mbele ya kioo, kisha:

1. Sema *e* ya neno "pema" na uivute. Ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno ya chini.
2. Ukiwa bado unaivuta, viringisha midomo kama unayetaka kusema *o*. Ulimi usiondoke ulipo.
3. Sauti itakayotoka itakuwa ngeni masikioni mwako. Ndiyo hiyo. Kamusi huiandika [œ].

Angalizo: ulimi utataka kurudi nyuma mara tu midomo inapoviringika. Ukihisi ncha yake imeachana na meno ya chini, umeshaingia kwenye *o*, anza upya.

Kama unaweza kusema *neuf* (tisa), *sœur* (dada) na *heure* (saa) na watu wakakuelewa, irabu hii unayo tayari. Toa *n* kwenye *neuf*, kinachobaki ni *œuf*.

Utajua umefaulu ukiweza kupokezana *e, œ, e, œ* kwa pumzi moja, na kwenye kioo kinachocheza ni midomo tu.

## Hatua ya 2: Ikate f palepale

Silabi zetu hupenda kuishia na irabu. Ndiyo maana *bank* ya Kiingereza kwetu imekuwa benki, na *club* ikawa kilabu. Tabia hiyo hiyo inaigeuza *œuf* kuwa "efu".

Weka vidole viwili kooni useme *œuf*. Koo litatetemeka kwenye irabu, kisha litulie kabisa kwenye *f*, ubaki upepo tu kwenye midomo. Koo likitetemeka tena baada ya *f*, umeongeza *u*. Rudia hadi mtetemo wa pili upotee.

## Hatua ya 3: Wingi, mahali wengi wanapoangukia

Kwenye karatasi wingi ni rahisi kupita kiasi: ongeza *s*, unapata *œufs*. Mdomoni, hiyo *s* haisikiki, *f* nayo inatoweka, na irabu yenyewe inabadilika. Umoja ni [œf], wingi ni [ø]. Neno zima linabaki irabu moja.

Irabu ya wingi imebana zaidi. Midomo inakaza kama ya *u*, ulimi unapanda kidogo kuelekea *i*. Ni sauti ile ile ya *eux* (wao) na ya mwisho wa *deux* (mbili). Ukiweza kusema *eux*, umeshasema *œufs*, kwa sababu kwa sikio maneno haya mawili hayana tofauti yoyote.

Sasa, neno lenye irabu moja tu ni jepesi mno kusimama peke yake katika mazungumzo, kwa hiyo hupokea konsonanti kutoka kwa neno lililotangulia. Zitamke kwa sauti, moja moja:

- *un œuf*: *n* ya *un* inahamia mbele, na kinachosikika ni kama "nœf"
- *des œufs*: [de-zø]
- *deux œufs*: [dø-zø]
- *trois œufs*: [trwa-zø]
- *quatre œufs*: [ka-trø]
- *six œufs*: [si-zø], *dix œufs* ni [di-zø]
- *sept* na *huit*: *t* yao inasikika na kushikana na [ø]
- *neuf œufs*: [nœ-fø]

Hiyo ya mwisho huwakosesha hata waliobobea. Wamefundishwa kwamba *f* ya *neuf* hugeuka *v*, kama katika *neuf heures* (saa, kwa mtindo wa Kizungu, tisa) na *neuf ans* (miaka tisa). Ni kweli kwa maneno hayo na mengine machache sana. Mayai hayamo. Sema *f*.

Kisha kuna mitego mitatu.

Wa kwanza, *z* si sehemu ya neno. Ni mali ya *des*, *deux*, *trois*, *six* na *dix*. Neno la mbele likiwa *d'*, hakuna *z*: *une douzaine d'œufs* (dazeni ya mayai), *beaucoup d'œufs* (mayai mengi), *pas d'œufs* (hakuna mayai). Zote zinaishia na [dø]. Mwanafunzi aliyekariri "dezø" kama neno moja huishia kusema "beaucoup de zø". Watoto wa Kifaransa wanaoanza kuongea nao hujikwaa hapo hapo, kwa hiyo usijione peke yako. Ila mtoto husamehewa haraka zaidi.

Wa pili, macho. *Deux yeux* (macho mawili) ni [dø-zjø], *deux œufs* ni [dø-zø]. Tofauti ni kijisauti cha *y* tu katikati (kamusi hukiandika *j*). Wengi wetu, tukijitahidi kuibana ile irabu ngeni, tunapitia kwenye *i* bila kujua, na *y* inachungulia. Unaomba mayai mawili, unataja macho mawili. Dawa yake: kaza midomo kwanza, ndipo utoe sauti. Ukitoa sauti kwanza, midomo itachelewa na *y* itapenya.

Wa tatu ni kutamka *f* kwenye wingi, "dez œf". Utaeleweka, lakini mtahini atakupunguzia alama.

Habari njema ni kwamba kanuni hii inakupa neno jingine bure. *Bœuf* (ng'ombe, au nyama yake) hufuata njia ile ile: umoja una *f*, wingi *bœufs* hauna, na irabu inabana. *Os* (mfupa) nalo ni jirani wa tabia: katika umoja *s* inasikika, katika wingi inanyamaza na kubaki [o].

Zoezi bora kuliko yote kwa umoja ni methali *Qui vole un œuf vole un bœuf*: aibaye yai ataiba na ng'ombe. Isome polepole, kisha kwa mwendo wa kawaida, ujirekodi.

Kipimo cha wingi: weka simu iandike kwa sauti katika Kifaransa, useme *des œufs* peke yake. Usiseme sentensi nzima kama *J'ai acheté six œufs au marché*, maana simu itabahatisha kutokana na maneno ya soko na kukuonea huruma. Ikiandika *des œufs* mfululizo bila kuyumba, hatua hii umeimaliza. Ikiandika *des yeux*, rudi mtego wa pili.

## Hatua ya 4: Maneno yanayokaa jirani

*Œuf* ni neno la kiume na linaanza na irabu. Mambo mawili hayo yanaamua kila kitu kinacholizunguka.

Sema *l'œuf*, kamwe si "le œuf". Sema *cet œuf* (yai hili), si "ce œuf". Vivumishi vitatu vya kiume hubadilika mbele yake: *beau* huwa *bel*, *nouveau* huwa *nouvel*, *vieux* huwa *vieil*. Kwa hiyo *un bel œuf*, *un vieil œuf*. Kivumishi cha nyuma hakina shida: *un œuf frais*, *des œufs frais*.

## Hatua ya 5: Iandike œ kama inavyotakiwa

Hii ni herufi mbili zilizoshikamana, *o* na *e*. Kuandika *oeuf* kwa herufi zilizoachana kunaeleweka na watu wengi hufanya hivyo kwenye simu, lakini kwenye mtihani, barua ya kazi au kazi ya kutafsiri linahesabika kosa la tahajia. Namna ya kuipata:

- Simu: bonyeza *o* na uishikilie. Kidirisha kitafunguka, telezesha kidole hadi œ.
- Windows: shikilia Alt, andika 0156 kwa vitufe vya namba vya upande wa kulia, achia. Kwa herufi kubwa Œ ni 0140. Namba za juu ya kibodi hazifanyi kazi kwa njia hii.
- Microsoft Word: andika 0153, kisha bonyeza Alt na X kwa pamoja. Kubwa ni 0152. Hii ndiyo njia ya wenye laptopu isiyo na vitufe vya namba vya pembeni.
- Mac yenye mpangilio wa kibodi wa Kimarekani: Option na q.

Neno likianza sentensi, herufi zote mbili zinakuwa kubwa: *Œuf*, si *Oeuf*. Kwenye kamusi ya karatasi usiitafute baada ya *z* kama herufi ya pekee. Imepangwa kana kwamba ni *o* ikifuatiwa na *e*.

Usije ukaanza kuunganisha kila *oe* unayoiona. Wanaounganisha ni *œuf, bœuf, sœur, cœur, œil, nœud, vœu, œuvre* na wenzao. Chombo unachokaangia yai hilo, *poêle*, hakiunganishwi, kinavaa kofia juu ya *e*, na kinatamkwa "pwal". Ukiweza kuandika *un œuf dans la poêle* bila kosa, tahajia umeiweza.

## Hatua ya 6: Litumie jikoni na dukani

Neno lisilotumika husahaulika, na hili lina bahati ya kuhitajika kila asubuhi. Sehemu za yai kwanza: *la coquille* ni ganda, *le blanc* ni ute, *le jaune* ni kiini. Kwa hiyo *deux jaunes d'œufs* ni viini viwili. Ute uliopigwa hadi ukawa povu jeupe lililosimama huitwa *blancs en neige*.

Yai la kuchemsha kwa Kifaransa si moja, na mhudumu wa hoteli atakuuliza unataka lipi. Wapishi wa Kifaransa hukumbuka kwa 3, 6, 9, wakihesabu dakika tangu maji yanapochemka:

- Dakika 3, *œuf à la coque*: kiini kinatiririka, unakata kichwa cha ganda na kula kwa kijiko.
- Dakika 6, *œuf mollet*: ute umeshika, kiini bado laini.
- Dakika 9, *œuf dur*: limeiva lote, kama yale yanayouzwa kwetu kwa chumvi na pilipili.

La kukaanga bila kupindua, kiini kimekaa juu kizima, ni *œuf au plat*. Yaliyovurugwa ni *œufs brouillés*. *Omelette* unaijua.

Kwa aliyeko Ulaya, kila yai dukani lina muhuri juu ya ganda. Tarakimu ya kwanza inaeleza kuku alifugwaje: 0 ni ufugaji wa asili usiotumia kemikali, *bio*, 1 ni kuku anayetoka nje, *plein air*, 2 ni wa ndani ya banda lakini hayumo kwenye kizimba, 3 ni wa kizimbani. Herufi zinazofuata ni za nchi, na FR ni Ufaransa.

Umefaulu ukiweza kusema, bila kuangalia popote: *Une douzaine d'œufs, s'il vous plaît*, na pale mwishoni ikasikika [dø].

## Hatua ya 7: Chora ukoo wa neno

Hapa ndipo neno moja linapokulipa maneno ishirini. Chukua daftari, andika katikati *ovum*, yai kwa Kilatini. *Œuf* limetoka hapo, na *v* ya mwisho ilipobaki bila irabu ikawa *f*.

Chora mstari wa kwanza kwenda kwa ndugu wa damu: Kihispania *huevo*, Kiitalia *uovo*, Kireno *ovo*, Kikatalani *ou*, Kiromania *ou*. Ile *h* ya Kihispania haitamkwi. Iliwekwa enzi ambazo *u* na *v* ziliandikwa kwa herufi moja, ili msomaji asisome "vevo". Na ukidhani Kifaransa peke yake ndicho kinachosumbua kwenye wingi, tazama Kiitalia: *uovo* ni la kiume, wingi wake *uova* ni wa kike. Kireno nacho, *ovo* ikiwa *ovos*, irabu ya kwanza inafunguka. Kila mmoja ana kituko chake.

Mstari wa pili ni wa maneno ya kitaalamu ambayo Kifaransa kiliyachukua moja kwa moja kutoka Kilatini, bila kuyabadilisha sana. Yanaanza na *ov-*: *ovale* (umbo la yai), *ovaire* (kiungo cha mwanamke kinachotoa mayai ya uzazi), *ovule* (yai la uzazi lenyewe), *ovipare* (mnyama anayetaga). Aliyesoma baiolojia sekondari anayajua mengi ya haya kwa sura ya Kiingereza. Abadilishe mwisho tu. Machache yanaanza na *oo-*, kutoka Kigiriki, kama *oologie*, elimu ya mayai ya ndege.

Mstari wa tatu uchore kwa nukta, ni jamaa wa mbali: *Ei* ya Kijerumani na *egg* ya Kiingereza. Hazikutoka Kilatini, ila wanaisimu huzirudisha pamoja na *ovum* kwenye shina moja la kale sana. *Egg* yenyewe Waingereza waliipata kwa watu wa Skandinavia, na kwa muda mrefu ilishindana na *eyren*, neno lao la zamani. Mchapishaji William Caxton aliandika mwaka 1490 kuhusu mfanyabiashara aliyemwomba mama mmoja *egges*. Mama akajibu kwamba hajui Kifaransa. Mfanyabiashara akakasirika, maana naye hakukijua.

Kabla ya kuandika neno lolote kwenye mchoro, lipime kwa swali moja: je, maana ya yai imo ndani? Haya yanafeli:

- *Ovin*: la kondoo, kutoka *ovis*. Utalikuta kwenye ripoti za mifugo pamoja na *bovin* na *caprin*.
- *Ovation*: shangwe, kutoka kitenzi cha kushangilia.
- *Ovni*: kifupisho cha *objet volant non identifié*, chombo cha angani kisichotambulika.
- *Œuvre*: kazi au utunzi, kutoka *opera* ya Kilatini. Inafanana mwanzo tu.
- *Omelette*: ina mayai tele, lakini neno limetokana na kitu chembamba kama ubapa wa kisu.

Ongeza na sifuri ya tenisi, *love*, ambayo watu hupenda kusema imetoka kwa *l'œuf* kwa kuwa sifuri ina umbo la yai. Ni hadithi tamu isiyothibitishwa. Iache nje ya daftari.

Mtego mzuri kuliko yote uko kwetu. Kiganda kinaita yai *eggi*. Ukiliona unaapa kwamba ni Kiingereza kimeingia Kampala. Angalia wingi wake: *amagi*. Kinyarwanda ni *igi, amagi*. Sisi ni *yai, mayai*. Ni neno la Kibantu lenye umoja na wingi wa Kibantu, limefanana na *egg* kwa bahati tu. Kufanana kwa sura hakutoshi. Tafuta wingi, tafuta majirani, ndipo uamue.

## Hatua ya 8: Misemo mitano ya kutosha

Jifunze hii baada ya hatua ya 3, maana mitatu kati ya hii mitano ina wingi ndani yake.

- *Marcher sur des œufs*: kwenda kwa uangalifu mkubwa kwenye jambo tete.
- *Mettre tous ses œufs dans le même panier*: kuweka tegemeo lako lote mahali pamoja.
- *On ne fait pas d'omelette sans casser des œufs*: huwezi kupata unachotaka bila kuharibu kitu. Wanasiasa wanaupenda sana, jihadhari nao.
- *Tuer dans l'œuf*: kuzima jambo kabla halijakua.
- *Plein comme un œuf*: pamejaa pomoni, kama daladala ya saa kumi na mbili jioni.

Kuna wa sita, *Va te faire cuire un œuf*, kwa maneno yake "nenda ukajipikie yai". Huo ni wa kumfukuza mtu anayekukera. Uelewe ukiusikia, umwambie rafiki mnayetaniana, lakini usiujaribu kwa mwenye nyumba wala kwa mtahini wa DELF, ule mtihani wa Kifaransa kwa wageni.